UZI: Umande wa Mombasa umekwenda wapi?

Binti_Kibokoni (mwanzisha uzi)

Salaam aleikum wanajukwaa. Uzi ni mrefu. Aliye kazini auweke, aurudie usiku akiwa na kahawa yake.

Mwezi wa tatu stima ilikatika mtaani kwetu Kibokoni, nyumba zikatapika watu wote barazani. Joto lile mwalijua: shati limegandana na mgongo, hata paka amelala chali. Palikuwa na mzee mmoja, nahodha mstaafu, si babu yangu wa damu lakini ndiye aliyenifunza kuogelea. Akanyoosha kiganja gizani kuelekea upande wa bara, akasubiri kidogo, akakirudisha. "Umande haushuki tena," akasema. Basi, akaendelea na tasbihi yake.

Riziki yangu mimi ni vyombo vya kupimia hewa. Nasafisha mikebe ya mvua, nafukuza mijusi na nyigu, nabadilisha betri, napanda minara. Sina shahada ya kutundika ukutani, ila nimewabebea ngazi wasomi wa hali ya hewa miaka mingi na masikio sikutia pamba. Neno la babu liliniondolea usingizi kuliko lile joto, kwa sababu nilijua amesema jambo linalopimika.

Kwa ndugu zetu wa bara: umande si ule wa kwenye majani tu. Huku pwani ni upepo pia, ule utokao nchi kavu kwenda baharini kuanzia usiku wa manane hadi jua likichomoza. Mvuvi hutweka tanga akatoka nao alfajiri, akarudi mchana na upepo wa baharini. Bure kabisa, bila petroli.

Sababu yake ni hii. Mchanga mkavu huhitaji kama moja ya tano tu ya joto linalohitajiwa na maji ya uzito uleule ili upande nyuzi moja. Tena maji hujichanganya, joto likazama chini; ardhi haijichanganyi. Kwa hiyo mchana nchi kavu hupata moto upesi, hewa yake ikapanda, hewa ya baharini ikaja kujaza nafasi. Usiku mambo hupinduka: nchi kavu hupoa upesi, hewa yake ikawa nzito, ikateremka polepole kuelekea majini. Huo ndio umande. Ni upepo mwembamba, mara nyingi kimo chake ni mita mia chache tu, na nguvu zake haba. Ukuta unatosha kuuzuia.

Sasa shida yetu. Ili umande ushuke, nchi kavu sharti ipoe kuliko bahari. Mwezi wa tatu na wa nne maji yetu hufika nyuzi 29 hivi (mwezi wa nane huwa kama 25). Mtaa basi una kibarua cha kushuka chini ya 29 kabla ya alfajiri. Huko msituni Shimba Hills si taabu. Mtaa wa Majengo je, penye lami, mabati na kuta za saruji zilizokunywa jua mchana kutwa?

Na hapa ndipo wasomi wanapokesha, kwenye ile biashara kati ya ardhi na hewa. Jua likishapiga, ardhi lazima irudishe deni, nayo ina njia tatu kubwa: kuliachilia joto kama mnururisho (miale isiyoonekana) kuelekea angani, kuipasha hewa inayoigusa, au kugeuza maji kuwa mvuke. Ile ya tatu ndiyo rafiki yetu. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke hula jouli milioni 2.4 hivi, sawa na hita ya kilowati moja kuwashwa dakika 40. Joto hilo hulisikii mwilini, limefichwa ndani ya mvuke. Mwembe uani unafanya kazi hiyo kutwa, kimya kimya, ukivuta maji kwa mizizi na kuyatoa kwenye majani. Kata mwembe, mwaga zege, na deni lote linalipwa kwa kuipasha hewa na kuujaza ukuta joto. Ukuta ule unakuja kulirudisha saa nne usiku, wewe umelala ubavuni mwake.

Nadhani hilo ndilo alilolisikia babu kiganjani. Nimekosea wapi?

Fundi_Changamwe

Dada umesema vizuri ila mabati umeyaonea. Mimi nimeezeka miaka kumi na nane. Bati mchana ni jiko, sibishi, ukiligusa saa nane unaacha ngozi. Lakini saa mbili usiku ni baridi, na alfajiri ladondosha maji. Bati ni jembamba, haliwezi kuweka akiba ya joto. Mwenye akiba ni slabu. Nenda juu ya ghorofa yoyote ya Majengo saa tano usiku uvue viatu.

Binti_Kibokoni

Fundi, nakubali, nimewachanganya. Bati ni mwizi wa mchana, saruji ni mwizi wa usiku. Niongeze jambo moja: bati jipya linalong'aa hurudisha sehemu kubwa ya jua, likishaota kutu linameza. Lakini lile la kung'aa pia ni bahili wa kutoa mnururisho, ndiyo maana ukilipaka rangi nyeupe unapata faida pande zote mbili, linarudisha jua na linatoa joto. Chokaa ya kuta za Mji wa Kale haikuwa urembo tu.

Mkeka_na_Mto

Mie nimeelewa neno moja: AC. Ninunue au nisinunue?

Binti_Kibokoni

Nunua ukiweza, lakini jua kwamba AC haiui joto, inalihamisha. Lile ulilolitoa chumbani, pamoja na joto la umeme uliolipia, linamwagwa uchochoroni kwa jirani asiye na AC. Mtaa mzima ukiwa nazo, uchochoro ndio unaopika.

Kijana_wa_Nyali

Mbona mwazunguka mbuyu? Hii ni tabianchi imebadilika, kwisha. Hewa ukaa (kaboni dioksidi) imezidi. Ilipoanza kupimwa Mauna Loa, kule Hawaii, mwaka 1958 ilikuwa kama sehemu 315 kwa milioni, leo imepita 420. Hapo wataka ushahidi gani tena wa umande?

Binti_Kibokoni

Takwimu zako ni sahihi, sizipingi. Ninachopinga ni ile "kwisha". Dunia kupata joto ni jambo moja, Kibokoni kujengwa ni jingine, na yote mawili yanaingia kwenye kiganja kimoja cha mzee. Ukiyafunga pamoja huwezi kujua utibu lipi. La kwanza halitatibiwa na kaunti. La pili latibika kwa miti na rangi.

Mwalimu_Mtwapa

Niulize kama mwanafunzi. Umande unatokana na tofauti kati ya nchi kavu iliyopoa na bahari yenye joto, sivyo? Na bahari ya Hindi inazidi kupata joto. Basi kwa hesabu hiyo umande ulipaswa kuongezeka, si kupungua. Au nimesoma vibaya?

Binti_Kibokoni

Mwalimu, swali hili ndilo nililokuwa nalingoja tangu niandike, nikaogopa hakuna atakayeliuliza!

Umesoma sawasawa. Bahari ingepata joto peke yake, nchi kavu ikabaki vilevile, umande ungepata nguvu. Lakini bahari haipati joto kimya kimya, inatoa mvuke. Hewa ikipanda nyuzi moja inaweza kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi. Na mvuke ni blanketi: usiku ardhi inapojaribu kurusha joto lake angani, mvuke unalishika na kurudisha sehemu yake chini. Ndiyo maana usiku wa jangwani ni baridi na usiku wa Mombasa ni mzito, hata mchana ukiwa sawa. Kwa hiyo bahari inazidisha tofauti kwa mkono mmoja na kuipunguza kwa mkono wa pili. Mkono upi unashinda hapa kwetu, hilo halijibiwi barazani, linajibiwa na kipimo.

Na kipimo chetu kiko wapi? Kituo kikuu kiko uwanja wa ndege, Port Reitz. Hakina kosa, kimewekwa kwa kanuni za dunia: kipimapepo mita 10 juu ya uwanja ulio wazi, kipimajoto kivulini, kati ya mita 1.25 na 2 juu ya nyasi. Kanuni hizo ni ili Mombasa ilinganishwe na Mumbai na Dar bila kuoneana. Lakini nani kati yetu analala mita 10 juu ya nyasi? Uchochoro wa Kibokoni haumo katika daftari lile, na haukukusudiwa kuwemo.

Mkeka_na_Mto

Kwa hiyo TV ikisema nyuzi 32 mimi niko 36?

Binti_Kibokoni

Huenda, wallahi. Na ngozi yako haijali nyuzi pekee. Jasho hupoza kwa kukauka, na hewa iliyojaa mvuke hailipokei. Wasomi hufunga kitambaa chenye maji kwenye kipimajoto ndipo wajue mwili unateseka kiasi gani.

Dada_Likoni

Mimi swali langu ni la pesa. Hii habari ya miradi ya kupima hewa ukaa mikokoni na kuuza hesabu yake, nani anajua kama si usanii? Mtu anakuja na mashine, anasema msitu umevuta tani kadhaa, anauza hesabu hiyo huko ulaya, sisi tunaambiwa tusikate boriti.

Binti_Kibokoni

Dadangu, shaka yako ni halali, kwa hivyo nitakueleza mashine inafanya nini, uamue mwenyewe.

Juu ya msitu hewa haitulii, imejaa vizunguko vidogo vidogo, kimoja kinapanda, kingine kinashuka. Kinachopanda kimetoka kwenye majani, kimebeba harufu ya mle ndani: mvuke mwingi, na mchana hewa ukaa kidogo kwa kuwa majani yameila. Kinachoshuka kimebeba hewa ya juu. Mnarani tunafunga kipimapepo kisicho na vikombe wala panga. Kina ncha zinazotumiana sauti, na muda wa sauti kufika unaonyesha upepo unapanda au unashuka. Pembeni yake kuna chombo kinachosoma hewa ukaa na mvuke kwa mwanga. Vyote husoma mara 10 au 20 kila sekunde. Unazidisha kupanda kwa upepo na badiliko la hewa ukaa la sekunde ileile, unachukua wastani wa nusu saa, unapata msitu umepokea kiasi gani au umetoa kiasi gani. Mara ya kwanza kuelezwa nilicheka. Mtu anahesabu pumzi ya msitu kama karani wa bandari anavyohesabu magunia, yanayoingia na yanayotoka!

Ila udhaifu upo na wasomi wenyewe hawaufichi. Usiku hewa ikitulia, vizunguko vinakufa, hewa ukaa inatambaa chini ya chombo bila kuhesabiwa. Na mikokoni kuna bamvua: maji yanaingia, yanatoka, yakibeba kaboni iliyoyeyuka kwenda baharini. Mnara unatazama juu, mwizi anapita chini.

Sasa Gazi, kule Kwale, hawakutegemea mnara. Mradi wa Mikoko Pamoja, wa Gazi na Makongeni, ulianza mwaka 2013. Ni hekta 117, hesabu yake kama tani 3,000 za hewa ukaa kwa mwaka, na miti hupimwa kwa mkono: unene wa shina, urefu, hesabu. Pesa zimeingia kwenye maji na shule. Unaweza kuubishia ukubwa wa bei, na mimi naona bei ya mkoko ni ndogo mno, lakini watu waliopima ni watoto wa palepale, wanaujua mchu na mkandaa kabla hawajaijua kalamu. Tena mali kubwa ya mkoko haimo kwenye boriti. Imo topeni, miaka na miaka ya majani na mizizi isiyooza kwa sababu tope halina oksijeni.

Dada_Likoni

Hapo kwenye mwizi anapita chini ndipo nilipokuamini. Mtu wa kuuza maneno hasemi hivyo.

Mkulima_Matuga

Tuache upepo kidogo, mimi nataka mvua. 2015 tulitishwa El Niño, nikachimba mitaro hadi mgongo ukapinda, mvua ikaja ya kawaida. 2019 hakuna aliyetutisha, vuli ikatugharikisha. Hawa wataalamu wanapiga ramli?

Binti_Kibokoni

Hawapigi, ila sisi tulisikiliza jina moja tu. El Niño ni joto la Bahari ya Pasifiki, mbali kabisa. Ya karibu nasi ni Dipoli ya Bahari ya Hindi, ambayo wasomi waliipa jina mwaka 1999. Bahari ya upande wetu ikiwa na joto kuliko kawaida na upande wa Sumatra ukapoa, mvuke na mawingu huhamia kwetu na vuli inafurika. 1997 El Niño na Dipoli zilikuja pamoja, wakubwa wanakumbuka barabara zilivyokatika. 2015 El Niño ilikuwa kubwa lakini Dipoli ilikuwa dhaifu. 2019 Dipoli ilikuwa kali bila El Niño kubwa. 2023 zikaungana tena, Kwale na Mombasa tukaogelea Novemba. Kwa hiyo mkulima wa Matuga, ukisikia utabiri wa vuli, uliza Dipoli kwanza.

Masika ni kesi nyingine, na ngumu. Kuanzia miaka ya themanini masika ya Afrika Mashariki yalikuwa yakipungua, ilhali modeli nyingi za kompyuta zinasema dunia ikipata joto yataongezeka. Wasomi wenyewe wanaita kitendawili. Na kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 misimu mitano mfululizo iliharibika, ng'ombe wa Tana River na Kilifi wakaisha. Anayekuambia ameshakitegua kitendawili hicho mwombe nauli urudi nyumbani.

Kijana_wa_Nyali

Na vimbunga je? Hidaya, Mei 2024, ilikuwa itugonge.

Binti_Kibokoni

Hidaya iliwapiga Watanzania upande wa Mafia, sisi tulipata makali ya ukingoni. Kimbunga huhitaji mzunguko wa dunia kukisokota, na karibu na ikweta msokoto huo ni hafifu. Mombasa tuko kama nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Ni kinga, si ukuta wa Ngome: Unguja ilipigwa vibaya mwaka 1872, mikarafuu ikalala, nayo iko kama nyuzi 6.

Ngalawa_Mzee

Mjukuu yuwaniandikia, mato yangu hayaoni herufi ndogo. Mimi ndiye mwenye kile kiganja. Nasikia nimekuwa mashuhuri bila kulipwa.

Mwanangu, umenukuu nusu. Nilisema umande haushuki tena, ukaondoka ukenda kufanya hesabu, hukuniuliza haushuki wapi. Haushuki mjini. Mwaka jana nalilala Mtwapa, nje ya mji, kwa binti yangu, mlangoni pa mto. Saa kumi usiku umande waja, wa baridi, wanukia matope na moshi wa mkaa, kama zamani. Huko Tudor, kwenye mkono wa bahari kando ya mji, sasa wapata siku moja, siku tatu hupati. Kilindini sijui, sitegi tena huko. Na kusi, ule upepo mkuu wa kusini, ikishika, mwezi wa sita na wa saba, huulizi umande, kusi yaula wote. Wakati huo hata majahazi ya wazee wetu yalifunga bandarini, bahari ni nyoka.

Mwalimu_Mtwapa

Subhanallah. Dada, umeona alichokifanya mzee? Amekupa jaribio lenye ulinganisho.

Binti_Kibokoni

Nimeona, na nimeona aibu. Nimebeba ngazi miaka yote hii nikasahau swali la kwanza la daftari: mahali.

Babu, shikamoo na samahani. Neno lako la Mtwapa ni zito. Kama sababu ingekuwa mvuke na joto la dunia peke yake, umande ungedhoofika Mtwapa na mjini kwa pamoja, maana blanketi lile halichagui mtaa. Ukidhoofika mjini tu, na Tudor nusu nusu, kidole kinaelekea kwenye saruji. Bado si hukumu. Kumbukumbu nayo hupenda ujana, na zamani ulilala nje ngalawani, leo walala ndani. Lakini sasa najua pa kuweka vyombo.

(Kwa mnaopenda habari za kusi: ile kusi inayoula umande ndiyo hiyohiyo inayovuka ikweta, ikakaza kasi kimo cha kilomita moja na ushee kando ya nchi kavu ya Afrika Mashariki, ikapinda kuelekea Bara Hindi na mvua zao. Msomi Findlater aliueleza mkondo huo mwaka 1969. Wahindi wanalima kwa upepo unaopita Ras Serani.)

Mpango wangu: vipimajoto vitatu vya aina moja, kwanza viwekwe pamoja siku mbili nione kama vinasema lugha moja. Kisha kimoja uchochoroni Kibokoni, kimoja Tudor ukingoni mwa mikoko, kimoja Mtwapa. Vyote kivulini, kimo kimoja, saa zilezile. Vianze kabla kaskazi, upepo wa kaskazini, haijalegea. Natafuta wenyeji wawili waaminifu wasioning'iniza nguo juu ya chombo.

Mwalimu_Mtwapa

Mtwapa nachukua mimi. Wanafunzi wangu wa darasa la saba watakuwa makarani.

Fundi_Changamwe

Nitakutengenezea vibanda vya kivuli. Mbao za vipande vya kupishana upepo, rangi nyeupe. Usinilipe, nunua madafu.

Mkeka_na_Mto

Mimi nina paa la slabu na rangi nyeupe nusu debe imebaki. Nikipaka upande mmoja na kuacha mwingine, yafaa?

Binti_Kibokoni

Yafaa sana! Paka upande wa chumba usicholala, tuone kama utahama.

Ngalawa_Mzee

Saa kumi na moja kasorobo. Nimeshuka Tudor leo makusudi. Umande umekuja, dhaifu, lakini umekuja. Andika.

Binti_Kibokoni

Naandika, babu. Ulikuwa umesimama ukingoni au juu penye majumba? Na mawingu yalikuwako?

Ngalawa_Mzee

Ukingoni, maji yamekupwa. Nyota zote nje. Nilipopanda hadi barabarani nikaupoteza.